Nianzie Wapi? Mwongozo wa Kuishi Unyenyekevu na Kuwatumikia Wengine

Kila baada ya semina au ibada ya Alhamisi Kuu, watu wawili watatu hubaki nyuma na kuniuliza maswali yaleyale. Nimeguswa, nataka kutumika, nianzie wapi? Nikijishusha, si watanikanyaga? Na siku nikijiona mnyenyekevu, si tayari nimeingia kwenye kiburi? Nimekuwa nikiyajibu mlangoni, kwa haraka, huku viti vikikusanywa. Hapa nayajibu kwa utulivu, kama ninavyomwelekeza mtu mpya anayejiunga na huduma yetu ya kuwatembelea wagonjwa na wazee.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: anza na mikono. Ukijifungia chumbani kupima kama umekuwa mnyenyekevu, utakuwa umejitazama saa nzima, na kujitazama ndiko kiburi kinakotaka. Mfanyie mtu mmoja kazi kwa mikono yako, kwa namna anayoitaka yeye, uirudie mpaka uizoee. Moyo hufuata nyuma, polepole, na mara nyingi wengine huona mabadiliko kabla yako.

Nadharia nitakupa kidogo tu. Katika ulimwengu wa Wayunani na Warumi, neno ambalo Agano Jipya linalitumia kwa unyenyekevu lilinuka uduni. Mtu huru hakutaka kuitwa hivyo. Kutawadha watu miguu ilikuwa kazi ya watumwa. Ndiyo maana Petro alishtuka alipomwona Bwana amejifunga kitambaa kiunoni na beseni la maji mkononi (Yohana 13). Lakini soma vizuri mwanzo wa sura hiyo. Yohana anasema Yesu alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu, ndipo akainuka mezani. Aliinama akijua yeye ni nani. Hakuna anayekutaka ujidharau ndipo uhudumu. Na Yuda alikuwa bado yumo chumbani miguu ilipotawadhwa, alitoka baadaye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia, na muda wa kusoma vifungu vichache bila haraka: Yohana 13:1–17, Wafilipi 2:1–11, Luka 14:7–11, Mathayo 6:1–4 na Matendo 6:1–7. Hivyo vinatosha kwa mwezi wa kwanza.
- Daftari dogo ambalo hakuna mtu mwingine atakayelisoma.
- Saa mbili kwa juma ambazo una hakika nazo. Usiahidi sita kwa sababu leo moyo umewaka. Mgonjwa aliyeahidiwa kutembelewa kila Jumamosi, kisha mgeni wake akatoweka baada ya majuma matatu, huumia kuliko ambaye hakuahidiwa kitu.
- Mtu mmoja atakayekuambia ukweli: mchungaji, padri, mzee wa kanisa, au rafiki asiyekuogopa. Mwambie mapema, "Ukiniona najikweza, niambie." Kisha siku akikuambia, usimkatalie.
- Ridhaa ya watu wa nyumbani, kama saa hizo unazitoa kwenye muda wao.

Pesa si sharti. Wala karama ya kuhubiri.

Hatua

1. Kwa siku saba, andika mahali unapoumia.

Juma la kwanza usibadilishe chochote. Kila jioni andika mistari miwili au mitatu: leo nilikasirika lini kwa sababu sikusalimiwa, sikutajwa, nilikatizwa nikizungumza, mtu mdogo kwangu alinirekebisha, au kiti changu kilikaliwa na mwingine? Usijihukumu, andika tu.

Katika Luka 14 Yesu hakuanza na somo juu ya kiburi. Alikuwa mgeni karamuni, akawatazama watu wakijichagulia viti vya mbele, akasema nao kuhusu viti. Marko 9 inasimulia wanafunzi walivyobishana njiani nani kati yao ni mkubwa, na walipoulizwa walikuwa wakibishana nini, wakanyamaza. Kiburi hujionyesha kwenye mambo madogo ya namna hii: kiti, zamu ya kusema, jina lililosahaulika kwenye shukrani. Baada ya siku saba utaona jeraha moja linajirudia. Liwekee alama, maana hilo ndilo utakaloliombea, na ndilo litakaloguswa kwanza utakapoanza kuhudumu.

2. Anzia nyumbani, na usitangaze.

Chagua kazi moja ya nyumbani ambayo kila mtu huikwepa. Unaijua. Pengine ni kusafisha choo, kuosha sufuria zilizoungua, kuamka usiku mtoto akilia, au kumjibu kwa upole mzazi mzee anayeuliza jambo lilelile mara ya nne. Ifanye kwa siku thelathini. Usiseme "nimeamua sasa mimi ndiye nitakayefanya". Usiugue kwa sauti ili usikike. Asipoiona mtu, vema.

Naweka nyumbani kabla ya kanisani kwa makusudi. Kanisani watu wanakuona saa mbili ukiwa umevaa vizuri. Nyumbani wanakuona ukiwa na njaa na umechoka. Nimewaona watu waliosifiwa sana kwa huduma, na watoto wao wakawaogopa.

Martin de Porres, aliyezaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, aliingia kwa Wadominiko, shirika la watawa wa Kikatoliki, akiwa mtumishi wa kazi za ndani, na hata leo michoro yake humwonyesha ameshika ufagio. Alijua pia kuganga wagonjwa, na wengi walimfuata kwa hilo, lakini ufagio ndio uliobaki kuwa alama yake. Kazi ya kufagia ina faida moja kubwa kwa anayejifunza: kesho vumbi limerudi, na hakuna cheti.

3. Tafuta huduma moja ya nje, kwa kuuliza pana upungufu gani.

Nenda kwa anayesimamia huduma kanisani kwako, au kwa wauguzi, au kwa watu wanaoishi karibu na wazee wa peke yao, uulize: "Ni kazi gani haina mtu?" Usianze kwa kusema unachopenda wewe. Ukishajibiwa, ndipo utazame mikono yako inajua nini. Dorkasi wa Yafa alijua kushona. Katika Matendo 9 hatukuandikiwa hata neno moja alilosema. Tumeandikiwa wajane waliosimama wakilia na kuonyesha nguo alizowatengenezea. Ukijua hesabu, wapo wanaohitaji kusaidiwa kusoma barua za madai. Ukiwa na nguvu, yupo mtu wa kugeuzwa kitandani.

Usiidharau kazi kwa kuwa ni ya meza na viti. Kanisa la kwanza Yerusalemu lilipolalamikiwa kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahaulika katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakumteua yeyote aliyekuwa karibu. Walitaka watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Kwa ajili ya kugawa chakula! Stefano na Filipo walikuwa miongoni mwao.

Chagua huduma moja. Na ukubali kuwa chini ya mtu, hasa akiwa mdogo kwako kwa umri au elimu. Akikuambia viti vipangwe hivi, vipange hivyo. Kama una wazo bora, lihifadhi miezi mitatu. Mengi utayaona hayakuwa bora, na yaliyobaki utayasema kwa adabu na yatasikilizwa.

4. Uliza kabla ya kugusa chochote.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu huharibu, nami niliharibu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kwa mzee mmoja asiyeona, aliyeishi peke yake. Nikakuta nyumba yake, kwa macho yangu, imevurugika: kikombe sakafuni kando ya mlango, fimbo katikati ya chumba, nguo juu ya meza. Nikaipanga yote. Kikombe kabatini, fimbo pembeni, nguo sandukuni. Nikaondoka nimeridhika, nikimshukuru Mungu kwa kunitumia. Juma lililofuata jirani yake aliniambia kwamba mzee alitumia siku mbili akitafuta vitu vyake kwa kupapasa, na akaanguka alipoikosa fimbo mahali alipoiacha kwa miaka. Kila kitu nilichokiona kimetupwa kilikuwa kimewekwa.

Nilipokwenda kumwomba radhi alicheka, akanisamehe, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Ungeniuliza, mwanangu."

Nikarudi kusoma habari za Bartimayo kipofu wa Yeriko (Marko 10:46–52). Kila mtu barabarani aliona shida yake ni macho. Yesu pia aliiona. Hata hivyo alimwuliza, "Wataka nikufanyie nini?" Alimpa maskini yule nafasi ya kusema haja yake kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya umati uliokuwa umetoka tu kumwambia anyamaze.

Kwa hiyo, kila ziara, uliza. "Leo ungependa nikusaidie nini?" Akisema "hakuna", amini, kaa naye tu. Akisema jambo dogo kuliko ulivyojiandaa, fanya hilo dogo. Kabla ya kumshika mgonjwa, mwambie unataka kumshika wapi. Kabla ya kufungua dirisha, uliza. Kabla ya kumwombea kwa sauti, uliza pia. Wapo watakaotaka ukae kimya. Unapouliza, unakiri kwamba yeye ndiye mwenye maisha yake, na wewe ni mgeni ndani yake. Kama ungefuata hatua hii peke yake katika mwongozo wote, ningeridhika.

5. Fanya ziara yenyewe kwa mpangilio.

Wanaoanza huniuliza, "Nikifika nafanyaje?" Fanya hivi:

a) Zima simu kabla ya kuingia, si baada ya kukaa.
b) Salimu, subiri ukaribishwe, kisha keti ili macho yako yawe usawa na yake. Usimsimamie mtu aliyelala kana kwamba unamkagua.
c) Uliza swali la hatua ya 4, kisha sikiliza mpaka amalize. Akinyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema.
d) Usisimulie mkasa wako unaofanana na wake. Shauku ya kusema "hata mimi" ni kubwa mno, ishinde.
e) Fanya kazi aliyoiomba, uimalize, urudishe vitu ulipovikuta.
f) Ondoka kabla hajachoka. Kwa mgonjwa, nusu saa huwa nyingi.
g) Usiahidi usichoweza. Sema utarudi lini, na urudi siku hiyo.

Aliyoyasema humo yabaki humo. Kumtangaza mtu kwenye kikundi cha maombi kwa kisingizio cha kumwombea ni kumvua nguo. Ukitaka wengine wamwombee, mwombe ruhusa, na yeye aseme kitajwe nini.

6. Ficha, lakini usifiche hesabu.

Mathayo 6 iko wazi: utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Kwa vitendo maana yake ni hii. Usipige picha ya unayemhudumia, hata akikubali. Aliye na shida hukubali mengi kwa kuogopa kupoteza msaada. Usiiweke ziara yako kwenye mtandao. Kama unatoa kitu, mpe anayehusika na ugawaji akipeleke bila jina lako. Ukiulizwa moja kwa moja, usidanganye, jibu kwa ufupi na ugeuze mazungumzo.

Ila fedha ya wengine ikipita mkononi mwako, hapo usiri unakoma. Paulo alipopeleka mchango wa makanisa, alihakikisha wapo ndugu wengine waliochaguliwa wa kusafiri nao, ili mtu asije akawalaumu. Alisema wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18–21). Andika kila kilichoingia na kilichotoka, fedha ihesabiwe na watu wawili, na daftari lionekane. Anayesema "niaminini tu, mimi ni mtumishi" ajue kwamba Paulo hakuomba kuaminiwa namna hiyo.

7. Kubali kuhudumiwa.

Hatua hii huwashinda watu wakarimu kuliko zote. Petro alisema hatatawadhwa miguu kamwe, na Yesu akamjibu kwamba asipomtawadha hana shirika naye. Yesu mwenyewe alihudumiwa: Luka 8 inawataja Mariamu Magdalene, Yoana mkewe Kuza, Susana na wengine wengi waliomhudumia kwa mali zao. Alikaa kwenye meza za watu. Kisimani alimwomba maji mwanamke Msamaria.

Kwa hiyo mara moja kila mwezi omba msaada wa kweli, katika jambo usiloliweza au lililokulemea. Ukipewa, pokea bila kukimbilia kulipa. Ukisifiwa, sema "asante" na uishie hapo. Maelezo marefu ya "hapana, mimi si kitu" humlazimisha mwenzako akusifu mara ya pili. Na yule unayemhudumia akitaka kukupa kitu, hata kidogo, usikikatae kwa sababu tu yeye ana shida. Mtu anayepokea siku zote bila kuruhusiwa kutoa huishia kujiona mzigo.

8. Omba radhi kwa sentensi fupi.

Utakosea. Ukikosea, nenda kwa mwenyewe, upesi, na useme: nilifanya jambo fulani, lilikuumiza, naomba unisamehe. Usiweke "lakini". Usiseme "kama nimekukwaza", maana hiyo "kama" humrudishia yeye kosa. Usimdai akusamehe papo hapo. Mathayo 5:23–24 inatuambia tuiache sadaka mbele ya madhabahu kwanza, twende tukapatane. Nilipokwenda kwa yule mzee nilikuwa nimeandaa maelezo mengi ya nia yangu njema. Nashukuru sikuyatumia.

9. Shika zamu, kisha ikabidhi.

Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia wamonaki, yaani watawa wa kiume, kanuni ya maisha katika karne ya 6, aliweka sura nzima juu ya unyenyekevu yenye ngazi kumi na mbili. Lakini mimi hupenda zaidi sura ya jikoni. Ndugu walihudumiana kwa zamu za juma. Siku ya Jumamosi anayemaliza zamu alifua vitambaa vya kufutia mikono na miguu, kisha yeye na anayeanza wakawatawadha wote miguu, na vyombo vikarudishwa kwa mtunzaji vikiwa safi na vizima.

Tazama hekima yake: kazi ina mwanzo, ina mwisho, ina mtu wa kuipokea, na vyombo huhesabiwa. Huduma isiyokabidhika hugeuka kuwa milki. Ukiona hakuna mwingine anayejua funguo ziko wapi, au wewe tu ndiye unayejua dawa za mgonjwa fulani, umeshaanza kujijengea kiti. Tangu mwezi wa pili mfundishe mwingine, na siku ya kuondoka mwachie vitu katika hali nzuri kuliko ulivyovikuta.

Makosa ya kawaida ya wanaoanza

Kujitukana mbele za watu na kuita unyenyekevu. Mtu akisema "sijui kuimba" na anajua, amesema uongo. Kama una karama, itumie, na useme imetoka wapi ukiulizwa.

Kuhudumia walio juu tu. Ukigundua kwamba unakimbilia kumbebea mchungaji mkoba na humwoni mfagizi wa kanisa, rudi hatua ya 1.

Kutumia msaada kama chambo. Usimfanye mwenye shida asikilize mahubiri ili apate alichokijia. Yesu aliponya wakoma kumi kwa pamoja na hakuwawekea sharti la kurudi. Alirudi mmoja (Luka 17:11–19). Mtu akikuuliza kwa nini unafanya haya, mwambie kwa furaha na bila kificho. Asipokuuliza, fanya kazi.

Kuwasahihisha wengine unyenyekevu wao. Hii huja karibu na mwezi wa tatu.

Kudhani unyenyekevu ni kuvumilia kila uovu. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu wapo waliobaki wakipigwa au kunyanyaswa kwa kuambiwa "jishushe". Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza, "Wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Paulo na Sila walipigwa bila hukumu kule Filipi, na mahakimu wa mji walipotaka kuwatoa kwa siri, Paulo akakataa: waje wenyewe wawatoe, maana wao ni Warumi (Matendo 16:37). Ukipigwa, ukitishiwa, au ukinyanyaswa, nyumbani au katika huduma, toka mahali hapo kwanza, kisha umwambie mtu anayeweza kukulinda. Anayetumia Maandiko kukuzuia usitoke hakutumikii.

Ukikwama

*Sishukuriwi.* Inauma, usijifanye haiumi. Iandike kwenye daftari, imwambie Mungu, kisha usome Luka 17:7–10. Ukiona bado unaihesabu baada ya mwezi, huenda kazi uliyochagua inaonekana sana na watu. Omba iliyo nyuma zaidi.

*Nimeanza kujiona bora kuliko wasiohudumu.* Soma Luka 18:9–14 mara moja kila siku kwa juma zima. Farisayo yule hakudanganya. Alifunga kweli na alitoa zaka kweli. Kisha mtafute mmoja kati ya hao unaowadharau, ukae naye, umwulize maisha yake yakoje. Mara nyingi utakuta anamuuguza mtu nyumbani usiku kucha na hakuna anayejua.

*Na nikijiona mnyenyekevu?* Wazo likija, sema "asante, Bwana", halafu rudi kwenye kazi iliyo mbele yako. Usilifukuze kwa vita ndefu. Vita hiyo nayo hukurudisha kujitazama.

*Nimechoka, na nimeanza kuwachukia ninaowahudumia.* Simama mapema. Martha alikuwa akifanya jambo jema, lakini alipoanza kumlalamikia dada yake na kumwuliza Bwana kama hajali, uchovu ulikuwa umeshageuka uchungu (Luka 10:38–42). Yethro alimwona Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia atajichosha bure, yeye na watu wake (Kutoka 18). Punguza nusu ya ahadi zako juma hili, kwa kuwaambia wahusika, wala usitoweke. Lala. Wewe ukipumzika, wapo wengine wa kuwaendea wanaohitaji msaada, ndiyo maana zamu ikawepo.

*Ninayemhudumia anadai kila siku zaidi.* Sema unachoweza na usichoweza kwa maneno yaleyale kila mara, kwa upole: "Jumamosi nitakuja. Siku nyingine siwezi." Usione haya. Wagalatia 6 inataka tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu mbele inasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Vyote viwili ni kweli. Kama haja yake imekuzidi kweli, mtafutieni pamoja mtu au taasisi yenye uwezo.

*Sisikii upendo wowote.* Endelea, ilmradi huna hasira. Mgonjwa aliyegeuzwa ubavu amegeuzwa, hata kama moyo wako ulikuwa mkavu. Mwombe Mungu upendo kwa jina la mtu huyo, kila siku, na ujifunze jambo moja jipya juu yake kila ziara: alifanya kazi gani, anapenda wimbo gani, mtoto wake wa kwanza anaitwa nani. Ni vigumu kubaki mkavu kwa mtu unayemfahamu.

*Mimi mwenyewe ni mgonjwa, siwezi kutoka.* Basi hatua ya 7 ndiyo huduma yako kwa sasa, na ni nzito kuliko zetu. Ukipata nguvu, mpigie simu mtu mmoja ambaye hapigiwi. Muulize muuguzi wako ameamkaje.

*Niliacha miezi mingi iliyopita, naona aibu kurudi.* Rudi siku ya kawaida, siyo siku ya sherehe. Fika mapema kabla watu hawajajaa. Usieleze sana, sema ulipotea, omba radhi kwa yule uliyemwachia mzigo, na uliza leo pana upungufu gani. Pengine watakuambia viti havijapangwa. Vua koti, anza na safu ya nyuma.